Okidi Mtwara na Lindi: mwongozo kamili, kuanzia makumbi ya nazi mpaka kutengeneza chotara yako mwenyewe

Okidi ya kwanza kuingia nyumbani kwetu hapa Mtwara niliipanda kama mchicha. Nikachukua udongo mzuri kabisa, nikachanganya na samadi ya mbuzi, nikashindilia, nikawa namwagilia asubuhi na jioni, baada ya kama wiki tatu hivi nikaigusa ikang'oka yenyewe, mizizi yote imeisha, chini umebaki uji wa kahawia unanuka. Ilikuwa dendrobiamu ya zambarau, mdogo wangu aliipakata kwenye basi kutoka Dar siku nzima. Iliniuma sana. Toka hapo watu wakiniambia okidi huku kwetu zinakufa kwa sababu ya joto nawaambia hapana jamani, joto letu okidi nyingi zinalipenda mno, kinachoziua ni mizizi kukosa hewa. Ukilishika hilo moja, mengine yote humu yatakuwa mepesi, mpaka kuchavusha mwenyewe na kupata ua ambalo halipo kwa mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: chagua okidi ya pwani

Duniani kuna aina zaidi ya 25,000 za okidi na sio zote zitakubali kuishi na sisi. Zile za Kitulo, kule kunakoitwa Bustani ya Mungu, zinalala na kiazi ardhini na zimezoea ubaridi wa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ukizileta Lindi mjini unazitesa tu. Simbidiamu nayo achana nayo, inataka usiku wa baridi ndio itoe maua, utabaki na majani miaka mitano. Walioko Newala au Rondo juu wanaweza kujaribu vitu vingi zaidi maana usiku kwao unapoa.

Kwa sisi wa chini anza na dendrobiamu zile zenye mashina kama miwa na maua bapa, halafu vanda, halafu katleya. Falenopsi pia inakubali ila kivulini sana na isinyeshewe. Ukitaka kuamini kwamba mji wa bandari wenye joto na unyevu ni nyumba ya okidi angalia Singapore. Mwaka 1893 bustani ya mwanamama mmoja pale, Agnes Joaquim, ilitoa chotara ya vanda mbili, ikaitwa Vanda Miss Joaquim, na mwaka 1981 ikawa ua la taifa la nchi ile. Hakukuwa na jumba la vioo wala mashine, ni bustani ya nyumbani.

Na tusisahau za kwetu. Ile okidi ya njano yenye madoa ya kahawia kama chui, Ansellia africana, inakaa juu ya miti mikubwa kwenye maeneo ya joto, miwa yake minene na mizizi imesimama juu kama sindano ikikusanya majani makavu. Ipo pia vanila ya mwituni isiyo na majani kabisa, Vanilla roscheri, kamba nene ya kijani inayopanda vichakani pwani yote ya Afrika Mashariki, wengi wanapita hapo kila siku hawajui kwamba ni okidi. Tafadhali usiende kuzing'oa. Ansellia imeshawekwa kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kwa sababu ya kuchukuliwa ovyo na miti kukatwa, na okidi zote zinalindwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, huwezi kuzivusha mpaka bila vibali. Kama mti umeanguka au mtu anasafisha shamba lake kihalali, muombe mwenyewe ukaokote zilizodondoka, hiyo ni sawa na ni kuziokoa.

Hatua ya pili: makumbi, mkaa na chungu

Hapa Mtwara kila kitu tunacho. Chukua makumbi ya nazi yaliyokauka, yakate vipande vya ukubwa wa kiberiti, yaloweke kwenye ndoo siku tano mpaka saba ukibadilisha maji kila siku. Maji ya kwanza yatakuwa meusi kama chai ya rangi, hiyo rangi pamoja na chumvi iliyomo ndio vinavyounguza mizizi, ukiona maji yametoka karibu meupe basi tayari. Changanya na mkaa uliovunjwa saizi hiyo hiyo, nusu kwa nusu. Chini ya chungu weka vigae. Chungu cha udongo ni kizuri kuliko plastiki kwa sababu kinapumua, ila lazima kiwe na matundu mengi, toboa taratibu huku umekilowesha kisipasuke.

Makumbi yanaoza baada ya miaka miwili hivi, yakilainika na kuanza kushika maji badilisha yote usisubiri.

Vanda haihitaji hata hayo. Itundike kwenye kikapu cha mbao kitupu mizizi ining'inie hewani, wageni watakushangaa lakini yenyewe ndivyo inavyoishi porini. Ukitaka kuifunga kwenye mti, mwembe unafaa na shina la mnazi linafaa, mpera haufai maana unajibandua gome kila mara na okidi inadondoka nalo. Funga kwa mshipi wa kuvulia au kipande cha soksi ya nailoni, waya wa shaba usitumie, shaba ni sumu kwa okidi.

Kivuli, maji na upepo wa kusi

Neti ya kivuli ya asilimia 50 inatosha vanda na dendrobiamu, falenopsi iongezee ya pili juu au iweke barazani. Makuti pia ni sawa ukiyaacha na mianya. Majani yatakuambia yenyewe: kijani kilichokolea sana, cha kupendeza macho, maana yake giza limezidi na maua hutapata, njano au wekundu pembeni maana yake jua limezidi. Unataka kijani cha embe changa.

Maji ndio shida yetu kubwa huku mjini. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvi na okidi haivumilii chumvi, ncha za mizizi zinakuwa nyeusi na ncha za majani zinakauka. Ukiona birika lako linaganda ukoko mweupe ndani, maji hayo usiyategemee. Kinga mvua. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei, ukiwa na bati na simtanki moja unakinga ya kutosha vyungu thelathini mpaka mvua nyingine, mi nafanya hivyo kila mwaka.

Sasa angalia mzizi wa okidi kwa karibu. Ukikauka una rangi ya kijivu cheupe kama karatasi, ukiumwagia maji ndani ya dakika moja unageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu una ngozi ya sponji inayofyonza maji halafu kijani cha ndani kinaonekana. Hiyo ndio saa yako ya kumwagilia. Mizizi ya kijani, acha. Mizizi ya kijivu, mwaga. Kipindi cha masika unaweza kukaa siku tatu nne hujagusa chochote, lakini kuanzia Juni mpaka Oktoba kusi ikivuma vanda inataka kila asubuhi na siku nyingine mara mbili. Mwagilia asubuhi ili jioni majani yawe makavu, hasa falenopsi, maji yakilala kwenye kitovu chake usiku inaoza moyo na hairudi.

Mbolea ni ile ya kuyeyuka kabisa, NPK 20-20-20, robo kijiko cha chai kwa lita nne za maji mara moja kwa wiki, na mara moja kwa mwezi unasuuza kwa maji matupu mengi. Ukiongeza kipimo ukidhani utaharakisha utaua. Kama uko jirani na mikorosho, msimu wa kupuliza salfa ule unga unatua kwenye majani na jua kali likiupata unaunguza, amka mapema uyasafishe kwa maji.

Vidung'ata na wadudu wa magamba futa kwa pamba yenye maji ya sabuni. Jani likianza kuoza kata mbele ya palipooza, pakaza unga wa mdalasini kwenye kidonda, usipake kwenye mizizi maana mdalasini unaikausha. Na wembe, huu ni mkazo, uchome kwenye moto kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Kuna virusi vya okidi havina dawa kabisa na vinasafiri kwa wembe.

Kuchavusha: kazi ya kijiti cha meno

Hapa ndipo utamu ulipo, na watu wanaogopa bure. Mwaka 1841 kwenye kisiwa cha Réunion, hapo ng'ambo ya Madagaska, kijana mtumwa wa miaka 12 tu, Edmond Albius, ndiye aliyegundua namna rahisi ya kuchavusha vanila kwa kijiti na kidole gumba. Wataalamu walikuwa wamehangaika nayo. Vanila yote inayolimwa kwa mkono mpaka leo inafuata njia ile. Kwa hiyo kama una kijiti cha meno na mkono usiotetemeka unaweza.

Subiri ua lifikishe siku tatu mpaka tano toka lifunguke. Litazame kwa mbele: katikati, juu ya ule mdomo wa chini, kuna kinundu kimechomoza kama kidole kifupi, hicho ni kiume na kike vyote pamoja, tukiite nguzo. Kwenye ncha yake kuna kikofia kidogo cheupe au cha zambarau. Kisukume kwa kijiti kutoka chini kwenda juu, kikofia kitadondoka na chavua itanasa kwenye kijiti, usitegemee unga kama wa mahindi, ni vidonge vya njano vigumu kiasi, vanda ina viwili, katleya mara nyingi vinne. Sasa nenda kwenye ua la mama. Kwanza toa kofia na chavua yake mwenyewe uitupe au uihifadhi. Chini kidogo ya pale palipokuwa na kofia kuna kishimo kinang'aa, kina utelezi kama gundi ya bamia. Bonyeza vidonge vya baba humo mpaka vizame na vibaki. Basi umemaliza.

Papo hapo andika lebo. Jina la mama kwanza, alama ya mara, jina la baba, halafu tarehe. Andika kwa penseli, sio kalamu, jua letu linafuta wino wote ndani ya miezi michache na penseli inabaki. Nimepoteza matunda mawili mazuri sana kwa kutojua mama ni nani.

Ua litanyauka siku moja mbili tu baadaye, usiogope, ndivyo inavyotakiwa. Wiki ya pili shingo nyuma ya ua inanenepa na kuwa kijani. Ikigeuka njano na kudondoka haikushika, jaribu tena. Mmea mmoja uachie tunda moja au mawili, na mmea dhaifu usiupe hata moja.

Nini na nini? Dendrobiamu na dendrobiamu, vanda na vanda pamoja na jamaa zake wa karibu, katleya na jamaa zake. Dendrobiamu na vanda hazishikani hata ufanyeje, ukoo wao uko mbali. Na kuwa na nia, usichanganye kwa sababu tu maua mawili yamefunguka siku moja. Mi nia yangu ni mimea mifupi isiyovunjwa na kusi na inayotoa maua Desemba kwenye joto kali, kwa hiyo mama nachagua ile iliyonusurika miaka mitatu kwangu bila kubembelezwa, na baba nachagua kwa rangi. Ndoto yangu nyingine ni angrekamu, okidi za maua meupe. Mwaka 1899 Waingereza waliandikisha Angraecum Veitchii, chotara ya Angraecum sesquipedale ya Madagaska na Angraecum eburneum, na ndugu wa hiyo eburneum wapo kwenye pwani ya Kenya na Tanzania, maua meupe yananukia usiku tu.

Baba na mama wasipotoa maua pamoja, vidonge vya chavua vifunge kwenye kikaratasi, weka kwenye kichupa chenye mchele mkavu chini yake, weka kwenye friji sehemu ya kawaida sio ya barafu. Miezi kadhaa inakaa.

Chupa: hapa usikimbie

Mbegu ya okidi ni vumbi. Tunda moja linaweza kuwa na mbegu laki nyingi mpaka kufika milioni, na mbegu haina akiba ya chakula ndani kabisa, porini inasubiri aina fulani ya ukungu iilishe. Ndio maana ukiimwaga kwenye chungu haioti. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha kwamba ukiipa sukari na madini ndani ya chupa isiyo na vijidudu inaota bila ule ukungu, na sisi tunafanya hivyo hivyo jikoni.

Kwa lita moja: maji ya mvua yaliyochujwa mililita 850, maji ya dafu mililita 150, sukari gramu 20, mbolea ile ile gramu 1, aga (unga wa mwani unaogandisha maji kama jeli) gramu 8, na mkaa maalumu wa famasi gramu 1, sio wa kupikia. Maji ya dafu sio mbwembwe, maabara kubwa zinayatumia toka miaka ya 1940 kwa sababu yana vichocheo vya kukuza chembe changa, na sisi madafu tunayo mlangoni. Pima uchachu kwa karatasi za kupimia pH, unataka pH 5.5 hivi, siki tone moja moja inashusha, baking soda kidogo inapandisha. Chemsha mpaka aga iyeyuke, mimina kwenye chupa za jamu sentimita mbili tu, kifuniko kiwe na tundu lililozibwa na pamba.

Weka chupa kwenye presha kuka, ikishafika presha kamili hesabu dakika 20, zima, acha ipoe yenyewe. Chupa zikae wiki nzima kabla hujapanda. Chupa ikiota ukungu wiki hiyo ilikuwa haijaiva, bora uijue sasa kabla ya kupoteza mbegu.

Tunda likate likiwa bado kijani, maana ndani yake hamna kijidudu hata kimoja mpaka lipasuke. Dendrobiamu na falenopsi karibu miezi minne, katleya sita saba, vanda inachelewa zaidi. Tengeneza boksi: ndoo kubwa ya plastiki angavu yenye mfuniko, toboa matundu mawili ya mikono, futa ndani yote kwa jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa tisa. Vaa glavu. Tunda lisugue kwa sabuni na mswaki, liloweke kwenye jiki hiyo hiyo dakika 20, lilete ndani ya boksi, lipasue kwa wembe uliopita kwenye presha kuka pamoja na chupa, kung'uta mbegu juu ya aga, funga haraka. Spiriti na jiki visikutane kamwe, vinatoa hewa yenye sumu, na moto usiwashe ndani ya boksi. Zima feni, funga madirisha, watoto watoke, hata kuongea usiongee juu ya chupa.

Chupa weka chumba kinachopoa kuliko vyote, chini, mbali na bati na mbali na jua la moja kwa moja, chupa kwenye jua inakuwa oveni. Mwanga wa dirishani unatosha. Wiki ya tatu mpaka ya nane utaona vidoti vya kijani, vidogo kuliko punje ya ulezi. Siku nilipoviona mara ya kwanza niliita nyumba nzima.

Baada ya miezi mitatu au minne vinabanana, vihamishie kwenye chupa mpya, chakula ni kile kile ila ongeza ndizi mbivu iliyopondwa gramu 50. Vikiwa na mizizi ya sentimita mbili tatu, yaani karibu mwaka toka kupanda, vinatoka. Mi navitoa Januari mpaka Machi hewa ikiwa na unyevu ili vishike kabla kusi haijaanza. Osha aga yote kwenye maji ya vuguvugu, aga ikibaki inaoza na mmea. Panda vyote pamoja kwenye chungu kimoja, makumbi yakatwe madogo kama punje za mahindi, funika na nailoni angavu wiki mbili tatu ukiifungua kidogo kidogo kila siku, na mvua isivipige.

Kusubiri na kuchagua

Dendrobiamu inaweza kutoa ua la kwanza baada ya miaka miwili mitatu toka ilipooteshwa, falenopsi hivyo hivyo, katleya na vanda jiandae miaka minne mpaka saba. Wazazi wakiwa wenyewe tayari ni chotara, watoto hawatafanana hata wakitoka tunda moja, kwa hiyo usigawe wala kuuza kabla hujaona ua la pili, la kwanza huwa linadanganya, linatoka dogo. Ukipata ulilotaka, ligawe kwa miwa upate mimea ile ile kabisa, maana mbegu zake zitarudi kuchanganyika upya.

Na kama mchanganyiko wako haujawahi kufanywa, unaweza kuuandikisha kwa jina unalotaka, rejista ya dunia nzima ya chotara za okidi inashikwa na RHS, chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza. Wanachotaka ni jina la mama, jina la baba na mmea uwe umeshatoa ua, kwa hiyo ile lebo ya penseli ihame na mmea kutoka kwenye ua, kwenda kwenye chupa, mpaka kwenye chungu.